Maua ya Kambini Yafuate Hali ya Nchi

Askari wa Uganda hana kituo cha maisha. Leo yuko Entebbe penye upepo wa ziwa, kesho amri yampeleka Kabale penye ukungu na baridi, na mwaka ujao huenda akaamkia Moroto penye vumbi na jua kali. Popote aendapo hukuta mawe yaliyopakwa chokaa, mlingoti wa bendera, na mbele ya ofisi ya mkuu wa kituo, tuta la maua. Mawe na mlingoti vyaweza kufanana nchi nzima. Maua hayawezi, nasi twaona imefika wakati jambo hili lisemwe waziwazi.

Desturi iliyozoeleka ni hii: mkuu mpya hufika na kumbukumbu ya bustani aliyoiacha kule atokako, akataka ile ile ioteshwe hapa, tena kabla ya ukaguzi ujao. Miche huletwa kwa lori, mashimo huchimbwa kwa siku moja, na kuruta hupewa ndoo. Baada ya miezi mitatu hubaki vijiti. Hapo hulaumiwa kuruta, ilhali kosa lilikuwa katika uchaguzi wa mche.

Hebu tuitazame nchi yenyewe. Entebbe hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, katika misimu miwili, na ndiyo maana bustani ya mimea iliyoanzishwa pale mwaka 1898 imestawisha miti na maua kutoka pande nyingi za dunia. Kabale iko juu, kati ya mita 1,800 na 2,000, na usiku baridi yaweza kukaribia digrii 10. Moroto nayo, yenye karibu mita 1,400, iko juu kuliko Entebbe, lakini mvua yake ni haba na huja katika msimu mmoja, kisha upepo mkavu hukausha hata kilichonyweshwa asubuhi. Basi mwinuko peke yake hautoshi kumwongoza mpandaji. Hana budi kuuliza pia mvua huja lini, na hukatika kwa muda gani.

Katika Kabale haidranja hustawi vizuri, na ina ajabu yake: penye udongo mchachu ua huwa la samawati, penye chokaa huwa la waridi. Kwa hiyo anayeyapaka mawe chokaa kandokando ya tuta asishangae rangi ikianza kubadilika. Mawaridi na agapanthasi pia hupenda ubaridi ule. Yapeleke Karamoja, nayo yatakunywa maji ya familia tatu kisha yafe.

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Katika vituo vya nchi kavu, maji ya bustani hutoka katika kisima kile kile ambacho wake za askari hupanga foleni na madumu yao tangu alfajiri. Ua linalodai ndoo mbili kila jioni mahali kama hapo ni dhuluma, hata likipendeza namna gani. Wala hakuna haja yake. Bugainvilea, iliyotoka Amerika ya Kusini, huchanua vyema zaidi pale inapoonja ukame. Ukiinywesha na kuitilia mbolea kupita kiasi hutoa majani matupu. Mshubiri wa porini hutoa mashada mekundu wakati nyasi zote zimekauka, na ndege chozi huujia. Adeniamu, ambayo wengine huiita waridi la jangwa, huhifadhi maji katika shina lake nene. Mimea ya namna hii ikishashika mizizi, yatosha kuipa maji ya kufulia na kuifunika chini kwa nyasi kavu.

Hata hivyo utomvu wa adeniamu ni sumu, na wawindaji wa Afrika wameutumia kwenye mishale tangu zamani. Oleanda ni sumu kuanzia jani hadi mzizi, na ile ya maua ya manjano vivyo hivyo. Mistari ya nyumba za askari ina watoto wengi, nao hutafuna kila kitu. Mimea hii ikipandwa, iwekwe mbali na nyumba, na watoto waonywe.

Tena ipo lantana, ile yenye vijiua vya manjano na vyekundu. Ililetwa kutoka Amerika kama pambo, ikatoroka bustanini. Ugonjwa wa malale ulipolipuka Busoga kuanzia mwaka 1976, mashamba ya kahawa na pamba yaliyotelekezwa yalikuwa yamefunikwa na vichaka vyake, na mbung'o wakapata kivuli na mahali pa kuzalia karibu kabisa na milango ya watu. Kituo kinachoitunza lantana kama ua wa uzio hakina budi kuing'oa pamoja na mizizi. Isitoshe, kichaka kinachomzidi mtu kimo kandokando ya uzio humficha adui, wala hatudhani askari wa zamu anahitaji kufundishwa na gazeti jambo hilo.

Jambo dogo kwa wanaopanda poinsetia langoni. Mmea huu hugeuza majani yake kuwa mekundu ukipata giza refu lisilokatizwa usiku baada ya usiku. Taa ya ulinzi ikiumulika hadi asubuhi hubaki kijani. Usihamishe taa, afande, hamisha poinsetia.

Kwa maoni yetu, kila kituo kiwe na kitalu chake cha miche, na mkuu anayeingia akabidhiwe bustani kama anavyokabidhiwa ghala, pasiwe na ruhusa ya kung'oa kilichokwisha kushika mizizi kwa kuwa tu hakimpendezi. Mvua za Karamoja kwa kawaida huanza mwezi wa Aprili. Vipandikizi vya bugainvilea, vya unene wa kidole na urefu wa shubiri moja, vikikatwa Februari kutoka tawi lililokomaa na kuwekwa kivulini ndani ya mikebe iliyotobolewa chini, vitakavyoshika mizizi vyaweza kuingia ardhini mvua ikishatulia. Mikebe ya samli iliyokwisha jikoni yafaa kabisa.