Nguruwe Waliosahihisha Umri wa Fuvu

Mwaka 2006, baadhi ya viongozi wa makanisa nchini walipinga visukuku vya binadamu wa kale kupewa nafasi kuu katika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi, wakisema kuwa mageuko ni nadharia tu. Hadi leo nakutana na wasemao kwamba wanasayansi hawaaminiki kwa kuwa hubadilisha kauli kila uchao. Kwangu mimi, kule kubadilisha ndiko hasa kunakonifanya niwaamini.

Chukua mfano wa hapa hapa kwetu. Mwaka 1972, Bernard Ngeneo, Mkenya ambaye jina lake halitajwi vya kutosha, aliona vipande vya fuvu huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Juu ya tabaka lililokuwa na fuvu hilo palikuwa na jivu la volkano ambalo wapimaji wa Uingereza walikwisha kulikadiria kuwa la miaka milioni 2.6. Basi fuvu likatangazwa kuwa kongwe kuliko jivu hilo, na Richard Leakey, ambaye sifa zake zilikuwa zimeenea duniani, akaitetea tarehe hiyo kwa miaka kadhaa.

Waliomtia mashakani ni nguruwe! Meno ya nguruwe wa kale wa Koobi Fora yalifanana na ya wale wa bonde la Omo, Ethiopia, waliokadiriwa kuishi takriban miaka milioni 2 iliyopita. Mto Omo ndio unaoingia Ziwa Turkana. Ingewezekanaje nguruwe wa huku wawatangulie majirani wao kwa zaidi ya miaka nusu milioni? Mwaka 1975, maabara ya Berkeley, Marekani, ilipima jivu upya ikapata umri usiofika miaka milioni 2. Pakazuka ubishi mkali, tena wa miaka, hata vipimo vya Australia vilipoafikiana na nguruwe mwanzoni mwa miaka ya 1980: takriban milioni 1.9. Leakey naye akakubali.

Jina kubwa halikufua dafu mbele ya meno na majivu. Dai lililosalia ni lile lililothibitishwa na mashahidi wasiotegemeana.

Ninalolilaumu ni somo letu la historia. Mimi nilikaririshwa majina ya mafuvu na miaka yake, nikayaandika katika mtihani, nikapewa alama. Habari za nguruwe sikuzisikia kamwe.