KUTOKA BARAZANI SI KUHAMA MTAA

Tarehe 7 Juni 2025, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Malabo, Rwanda ilitangaza kujitoa katika Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika ya Kati, ambayo wengi hapa Gisenyi huijua kwa jina la CEEAC. Serikali ilieleza kwamba haki yake ya kushika zamu ya uenyekiti ilikuwa imepuuzwa kwa shinikizo la Kinshasa. Tangu hapo swali moja limekuwa likiulizwa makambini na katika vituo vya polisi: Je, tumejifungia mlango wa biashara? Swali hili ni la haki, na askari anayekesha mpakani anastahili kujibiwa bila ya kuzungushwa.

Kwanza yafaa ikumbukwe kwamba jambo hili si geni. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoiasisi Jumuiya hiyo mwaka 1983. Ilijitoa mwaka 2007, mwaka ule ule ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha ikarejea katika muongo uliofuata. Nchi nyingine nazo zimepita njia kama hiyo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, ikabaki SADC na ikaijenga upya Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Kenya na Uganda.

Pili, tutazame tulichobakiwa nacho. Majirani zetu wawili waliomo CEEAC, yaani Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tunakaa nao katika mabaraza mengine: sote tumo COMESA, na sote tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022. Shehena zetu za ng'ambo hupitia Dar es Salaam na Mombasa, na bandari hizo hazimo katika Afrika ya Kati. Juu ya hayo upo mkataba wa eneo huru la biashara la Afrika nzima, uliotiwa saini Kigali tarehe 21 Machi 2018. Kwa hiyo aliyetoka barazani hakuhama mtaa.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba hakuna kilichopotea. Kiti kilicho wazi hakisemi. Kameruni, Gabon, Chad na wenzao watazungumza juu ya barabara, ushuru na usafiri wa eneo lao bila ya sauti yetu. Waingereza walipiga kura mwaka 2016 kuuacha Umoja wa Ulaya, na ingawa mwishoni mwa mwaka 2020 walipata mapatano ya kutotozana ushuru wa forodha, wafanyabiashara wao walijikuta mbele ya fomu na ukaguzi ambao hapo awali haukuwapo. Kujitoa kuna gharama zake, na anayezijua mapema hujiandaa kuzipunguza.

Lakini liko jambo ambalo twataka askari wetu walizingatie kuliko yote. Mwezi Februari 2019 mpaka wa Gatuna, baina ya Rwanda na Uganda, ulifungwa, na haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Katika muda wote huo nchi zote mbili zilikuwa wanachama halali wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa COMESA pia. Mikataba ilikuwapo, saini zilikuwapo, na malori hayakupita. Hapa petu nako, CEPGL iliasisiwa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976 na makao yake yakawekwa hapa hapa. Vita viliilaza Jumuiya hiyo miaka mingi, lakini akina mama wa nyanya, kabichi na maziwa waliendelea kuvuka kwenda Goma kila lango lilipowaruhusu. Ni dhahiri basi kwamba mkataba hauvushi mzigo peke yake. Mzigo huvushwa na lango lililo wazi, na langoni amesimama askari.

Hapo ndipo dhamana yetu inapoanzia. Mama anayefika Petite Barrière alfajiri na ndoo kichwani ana mtaji wa siku moja. Akicheleweshwa hadi jua la mchana, nyanya zinalainika na watoto wanalala njaa. Akiombwa "kitu kidogo" kwenda na kurudi, faida yake imekwisha. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Askari anayechovya haibi kwa mama yule tu, bali anamfundisha kutafuta njia ya panya, na njia ya panya inayopitisha vitenge leo ndiyo itakayopitisha bunduki kesho. Ulinzi wa mpaka na heshima kwa mchuuzi ni kazi moja.

Askari na ajue pia sheria anayoisimamia. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Kimarekani, anaruhusiwa kutumia cheti chepesi cha uasili wa bidhaa, naye hatozwi ushuru wa forodha. Asiyelijua hilo atamwona mlanguzi pale alipo raia mwema, na mlanguzi wa kweli atapita nyuma yake.

Hatusahau kwamba zama ni ngumu. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano ya Goma yalipopamba moto, makombora na risasi viliangukia Rubavu na raia wakapoteza maisha. Kinshasa inaishutumu Kigali kwa kuwaunga mkono M23, na Kigali inakanusha. Mgogoro huo una meza zake. Mchuuzi anayevuka kutoka Goma hakuuanzisha, wala hapaswi kuulipia langoni.

Ndugu askari na polisi, wakubwa wataamua ni baraza lipi tukae na lipi tuondoke. Hayo ni mamlaka yao. Sisi tumekabidhiwa lango. Biashara haigombi, walisema wazee wetu. Basi nasi tuhakikishe haigombwi mpakani.