"OLÉ" NA JINA LA ALLAH: TUSIDANGANYANE



Ndugu zangu, kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni uwanja wa kupigana na ng'ombe huko Hispania. Mchezaji anapepesha kitambaa chekundu, fahali anapita ubavuni mwake, na uwanja mzima unapiga kelele: "Olé!" Chini imeandikwa kwamba watu hao wanamtaja Allah bila kujua. Mashaallah zimejaa kwenye maoni.

Taratibu jamani.

Wanasema olé imetokana na "wallahi", kwa kuwa Waislamu walikuwa na utawala Andalusia tangu 711 hadi Granada ilipoanguka 1492. Ni kweli dhana hii iliwahi kuingia hata kwenye kamusi ya Chuo cha Kifalme cha lugha ya Kispania. Lakini Federico Corriente, Mhispania aliyebobea katika Kiarabu cha Andalusia na kuandika kamusi nzima ya maneno ya huko yenye asili ya Kiarabu, aliiweka olé kwenye orodha ya maneno yanayodhaniwa tu kuwa ya Kiarabu. Na huyu hakuwa mtu wa kukifichia Kiarabu haki yake. Ndiyo kazi iliyompa jina.

Mnataka neno la kweli? Chukueni "ojalá". Mhispania akitamani jambo litokee husema ojalá, na asili yake ni "law shaa Allah", yaani lau Allah angetaka. (Wengi husema ni inshaallah. Wamekaribia.) Azúcar yao ndiyo sukari yetu, aceituna yao ndiyo zeituni. Haya yana ushahidi. Ya nini kutia chumvi?

Tena tuseme basi olé ingekuwa kweli ni jina la Allah. Tungejisifu kwa lipi? Tazama inatamkwa wapi. Fahali huchomwa mkuki shingoni na mtu aliye juu ya farasi. Kisha hupachikwa vijiti vyenye ncha za chuma. Damu inamchuruzika, amechoka, ndipo anachezewa kwa kitambaa, na kila akikosa shabaha, olé! Mwisho wake ni upanga. Sisi tunalitaja jina la Allah juu ya mnyama tukiwa na kisu kilichonolewa, na tumeamrishwa tumpunguzie maumivu. Ibn Umar (r.a.) aliwakuta vijana wamemfunga ndege wanamlenga mishale, akawaambia kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kufanya hivyo. Imo kwa Bukhari na Muslim.

Najua ndugu zangu wa Pemba wataniuliza kuhusu mchezo wao wa ng'ombe. Kule fahali hauawi uwanjani. Hata hivyo, anayemchokoza mnyama hadi akaumia asije kutafuta fatwa kwangu.

Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat tunaikumbuka zikija habari za majirani. Na video hizi zimo humo humo, hata zikija na jina la Allah. Aliyeisambaza kwenye grupu lake arudi aifute, na awaambie wenzake kwa nini ameifuta.