JPM, Wachina na Bandari ya Bagamoyo: Msimamo Ulibadilika Lini?

Hapa Tabora kuna ubishi wa kijiweni hauishi: marehemu JPM aliwakataa Wachina au alikuwa rafiki yao? Kila upande una ushahidi, na cha kuchekesha, wote ushahidi wao ni wa kweli.

Tuanze na tarehe. Machi 2013 Rais Xi Jinping alikuja Dar, makubaliano ya bandari ya Bagamoyo yakasainiwa. Mradi wa dola bilioni 10, baadaye Oman nayo ikaingia. JPM wakati huo alikuwa Waziri wa Ujenzi, serikali hiyo hiyo ya JK. Oktoba 2015 JK akaweka jiwe la msingi, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 25. Mgombea wa CCM nani? JPM. Sasa mpiga kura wa kawaida ataelewa nini hapo zaidi ya kwamba mgombea anaukubali mradi?

Juni 2019 mambo yakageuka. Mbele ya wafanyabiashara Ikulu, JPM akasema masharti yale ni mwendawazimu tu anayeweza kuyakubali: dhamana ya miaka 33, kukodisha kwa miaka 99, na tusihoji nani anakuja kuwekeza pale. Watu wakashangilia, kawatimua Wachina!

Haya, Januari 2021 Waziri wao wa Mambo ya Nje, Wang Yi, akatua Chato, na mkataba wa SGR Mwanza–Isaka, kilomita 341, ukasainiwa na kampuni za Kichina. Isaka si mbali, ni hapo jirani tu.

Kwa hiyo mimi nasema JPM hakumkataa Mchina, alikataa karatasi. Kwa hilo namuunga mkono kabisa. Lakini jamani, karatasi yenyewe nani kati yetu aliiona? Masharti tuliyasikia mdomoni mwake, miaka 6 baada ya kusainiwa, na yeye alikuwemo kwenye baraza la mawaziri tangu mwanzo. Kwenye kampeni ya 2015 angeulizwa hayo na nani, wakati hatukujua cha kuuliza? Halafu Juni 2021 Rais Samia akasema mazungumzo ya Bagamoyo yanafufuliwa. Mama huyo huyo 2019 alikuwa Makamu wa Rais. Miaka 99 imepunguzwa au ipo pale pale?

Mtu atasema, Bagamoyo na Tabora wapi na wapi? Ndugu yangu, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa, ikaishia Ujiji. Mjerumani alipojenga reli akaanzia Dar, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Bagamoyo ikalala mpaka leo. Bandari ikihama, na sisi huku bara tunahama nayo. Sasa SGR ya Makutupora–Tabora wamepewa Waturuki Desemba 2021, na ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, Wachina Desemba 2022. Deni hilo ni letu sisi tulio na miaka ishirini na kitu.

Mpagazi wa Kinyamwezi wa zamani, hana shule, alipatana kwanza ujira na posho ndipo akainua mzigo begani. Mgombea akija tena kutuhutubia habari za reli na wawekezaji, aulizwe hivyo hivyo: dhamana miaka mingapi, kukodisha miaka mingapi, na mkataba tunausomea wapi.