Kigae Bila Udongo Wake

Kuna maneno nimechoka kuyasikia hapa Geita: "Achana na vigae, sisi twatafuta dhahabu." Huyasema mchimbaji akiwa ndani ya duara, na huyasema msomi akiwa ofisini. Mchimbaji namsamehe, kwani anatafuta riziki na hakuna aliyemweleza. Msomi simsamehe.

Ndugu msomaji, chungu cha kale hakikuandikwa tarehe. Mtaalamu akiokota kigae hutazama mdomo, kitako na nakshi, kisha hukiweka katika kundi lake. Vyungu vya Urewe vina nakshi ya mistari ya kuchora, na vingine vina kibonyeo kitakoni. Vya Kansyore ni vya kale zaidi, vya wavuvi na wawindaji walioishi kabla chuma hakijajulikana huku. Vilivyonakshiwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa vilienea baadaye. Lakini kundi si umri. Umri hutoka katika tabaka la udongo, kwa kupima kaboni ya mkaa uliolala pamoja na kigae. Hata mitambo inayopima kigae chenyewe huhitaji kujua udongo uliokizunguka. Ukikitoa bila kuandika kilipolala, umekipokonya umri wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la vyungu ni udongo, nasi tunalichana kwa sururu.

Tazama majina yenyewe. Urewe ni mahali huko Nyanza, Kenya. Vyungu vya aina hiyo vilielezwa na Mary Leakey, Owen na Louis Leakey mwaka 1948. Kansyore ni kisiwa cha Mto Kagera, upande wa Uganda. Kuazima jina si kosa. Kosa ni kuazima na umri. Je, kama binti wa jirani ana miaka ishirini, na wangu anayefanana naye lazima awe na ishirini?

Wenzetu wa Buhaya wanajua umri wao. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt aliwasikiliza wazee wa Katuruka, akachimba pale walipomwonyesha. Alikuta vyungu vya Urewe na mabaki ya tanuru za chuma, na mkaa ukatoa umri wa zaidi ya miaka 2,000. Sisi huku tunao Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma waliosifika. Ufundi wa chuma ulianza lini katika ardhi hii ya Geita? Jibu limo ardhini, na kila siku tunaling'oa na kulitupa pamoja na kifusi.

Watasema sheria ipo. Naam, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na inamtaka anayevigundua atoe taarifa. Lakini mchimbaji atajuaje kwamba kigae chake ni cha kabla ya 1863, ikiwa mtaalamu mwenyewe anahitaji tabaka ili ajue? Kumtaka mtu atambue kitu asichofundishwa ni kumtegea mtego.

Watasema pia kwamba nataka kuwanyima watu riziki. La hasha! Sisemi machimbo yafungwe. Nasema kabla ya kufungua shimo jipya, dogo au kubwa, apite kwanza mtu anayejua. Vijana wetu wafundishwe kutambua kigae, majivu na mavi ya chuma, wapime kina, wachore mahali na kuandika. Kazi hiyo yataka tepu, kalamu, daftari na siku chache. Dhahabu ya Geita imekaa miambani zaidi ya miaka bilioni mbili. Haitakimbia kwa kungojeshwa wiki moja.

Basi mwenye ofisi asiniulize tena vigae vina faida gani. Ajibu yeye kwanza swali langu. Mgodi wa Geita ulianza katika miaka ya 1930. Tukishamaliza kuchimbua matabaka yote, watoto wetu wakauliza watu waliishije hapa kabla ya mgodi, tutawaonyesha nini? Tutawaonyesha shimo?