Kinamasi Si Ardhi Tupu

Wasomi wenzangu, huku kwetu hatuna majira ya machipuko wayajuayo watu wa Ulaya. Tulizo nazo katika nchi ya chai ni zile wiki chache za mwezi Machi, kiangazi kinapoaga na masika hayajabisha hodi. Atakayetembea wakati huo kutoka Litein na kuteremka mabondeni ataona jambo la kutafakariwa. Juu vilimani michai imesinyaa na vumbi jekundu limetanda njiani, ilhali chini, penye matete na ndago, ardhi ingali chepechepe na kijito kingali kinatiririka. Kinamasi hunywa mvua kama sifongo, kikaiachilia polepole wakati wa ukame. Maji hayo huingia katika mito kama Itare na Kipsonoi, yakafika Sondu, yakazungusha mitambo ya Sondu-Miriu yenye uwezo wa megawati 60 za umeme, ndipo yakamwagika Ziwa Viktoria.

Hata hivyo, mtembezi huyo hatakwenda mbali kabla ya kukutana na mikalitusi. Aghalabu imepandwa kinamasini kwa makusudi, maana mkulima ajua fika kwamba mti huu hunyonya maji kwa pupa na kumwachia shamba kavu. Kisha kuni zake huuzwa viwandani, kuchemsha maji yatoayo mvuke wa kukaushia chai. Ajabu ni kwamba chai, zao lisiloishi bila unyevu, hukaushwa kwa mti unaoyanyima mabonde unyevu huo!

Sheria si haba. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 1990. Kanuni za kulinda ardhi oevu na kingo za mito zilitangazwa mwaka 2009, na mwaka uo huo aliyekuwa Waziri wa Mazingira, hayati John Michuki, akaagiza mikalitusi ing'olewe penye vyanzo vya maji. Lakini amri isiyomwonyesha mkulima atakula nini badala ya mti wake hubakia karatasini. Tusijifanye hatujui: karo za baadhi yetu tusomao jarida hili zimelipwa kwa mikalitusi hiyo hiyo.

Lugha yetu nayo ina sehemu ya lawama. Istilahi "ardhi oevu" imelala vitabuni. Katika insha zetu kinamasi ni mahali pa mbu, matope na kukwama. Mtoto aliyelelewa na msamiati huo ataona uchungu gani kikikaushwa?

Huko Saiwa, karibu na Kitale, kinamasi kilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe. Ni mbuga ndogo, yapata kilomita 3 za mraba, na mgeni huitembelea kwa miguu, akapita juu ya vijia vya mbao. Sisemi kila bonde la Bureti liwe mbuga. Mashamba ya huku ni madogo na yana wenyewe. Nasema matete, malisho, mizinga ya nyuki na ada ya watembezi vyaweza kumpa mwenye shamba kitu, kinamasi kikiwa bado kinamasi.

Vyama vya Kiswahili hupenda ziara za pwani, na sina neno na Lamu. Ila Machi ijayo twendeni Litein, na viatu vya mpira miguuni, tukamsikilize mwenye mikalitusi kabla ya kumhutubia.