Nusu Inchi ni Jina, Si Kipimo

Kitivoni kwetu tunabishana sana kuhusu istilahi za isimu na fasihi, na si vibaya. Lakini kuna istilahi zinazowagharimu watu pesa kila wiki, nazo ziko mikononi mwa mafundi wa bomba. Huko sisi watu wa lugha hatujafika.

Chukua kiungio cha chuma kinachoitwa nusu inchi. Pima hesi yake, yaani ile mifereji inayozunguka upande wa nje: utapata karibu milimita 21. Nusu inchi ni milimita 12,7. Muuzaji hakukudanganya. Jina lilitokana na tundu la mabomba ya zamani. Kuta zikapunguzwa unene, tundu likapanuka, lakini upana wa nje ukaachwa ili mabomba mapya yaungane na ya zamani. Kipimo kikapotea, jina likabaki.

Wafaransa huandika 15/21 kwa kitu hichohicho: milimita 15 ndani, 21 nje. Bomba la plastiki linalounganishwa kwa moto huandikwa 20, na kiungio chake cha kuingia kwenye koki ya nusu inchi huandikwa 20 x 1/2. Basi mtu wa Nyalukemba anayejenga nyumba akutane na majina matatu kwa njia moja ya maji: kitabu kinasema 15/21, bomba linasema 20, duka linasema nusu. Anayelipia mkanganyiko huo mara nyingi ni kijana anayejifunza kazi, aliyetumwa dukani akarudi na kiungio kisichoingia.

Herufi nazo zina mambo. Hesi ya Kiingereza inafuata kazi ya Joseph Whitworth ya mwaka 1841, yenye pembe ya digrii 55. Ya Kimarekani, inayoandikwa NPT, ina digrii 60. Katika nusu inchi zote mbili zina mizunguko 14 kwa kila inchi, kwa hiyo unapoanza kukaza zinakubaliana, kisha zinavuja. Katika robo inchi ni 19 kwa 18.

Hiyo robo ndiyo inayotumika kwenye kompyuta zinazopozwa kwa maji. Viungio vyake huandikwa G 1/4, na hesi yake ina upana wa milimita 13 hivi. G maana yake hesi imenyooka, na kinachozuia maji ni pete ya mpira. R ni hesi ya nje iliyochongoka, inayoziba kwa kubanana, pamoja na utepe wa tefloni. Fundi aliyezoea kufunga utepe na kukaza kwa spana akifanya hivyo kwenye G 1/4, atapasua kifuniko cha plastiki na maji yatadondokea vyombo vya umeme. Namba aliisoma vizuri, herufi hakufundishwa.

Watakuwepo wa kusema kwamba fundi anajua kwa mkono, hahitaji maneno yetu. Ni kweli, mkono unajua vitu ulivyozoea. Bidhaa zikibadilika, mkono unauliza, na swali linahitaji lugha. Tena, mkono wa mzee haumfundishi kijana aliye peke yake dukani.

Napendekeza kazi ndogo. Wanafunzi wa Kiswahili na wa Kifaransa wakae na mafundi wa Ibanda, waandike ukurasa mmoja wa kubandika kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Uwe na maneno machache: hesi nyoofu, hesi ya mchongoko, dume, jike, upana wa nje, pete, utepe. Kando yake yawekwe majina ya Kifaransa na milimita. Na juu kabisa iandikwe: nusu ni jina, uliza milimita na herufi.

Maneno hayo tusiyatunge mezani. Mengi mafundi wanayo tayari. Kazi yetu ni kuyasikiliza, kuyalinganisha na kuyaandika. Lugha isiyoweza kumtuma kijana dukani akarudi na kiungio sahihi bado haijafundishwa vya kutosha, hata kama sisi tumefaulu mitihani yake.